Kusanidi na Kusanidua: Historia Fupi ya Uondoaji wa Programu katika Mifumo Endeshi ya Kompyuta

Mnyambuliko wa kutendua katika Kiswahili hubeba maana ya kurudisha jambo katika hali yake ya awali: kilichofungwa hufunguliwa, kilichozibwa huzibuliwa. Kwa msingi huohuo, istilahi kusanidua inaashiria kwamba kila kilichowekwa wakati wa kusanidi programu huondolewa chote. Makala haya yanaonesha kuwa, kihistoria, ahadi hiyo hutimia katika baadhi ya mifumo endeshi tu, na kwamba jambo la msingi ni nani anayetunza orodha ya mafaili yaliyowekwa.

Katika MS-DOS, iliyotoka mwaka 1981, programu nyingi zilikaa ndani ya saraka moja. Kuifuta saraka hiyo kulitosha. Windows ilibadili hali hiyo. Programu ziliweka mafaili katika saraka za mfumo, na faili moja liliweza kutumiwa na programu kadhaa. Aliyelifuta alihatarisha programu nyingine; aliyeliacha alibaki na masalia. Windows 95 ilikuja na sehemu maalumu ya kuongeza na kuondoa programu, lakini kwa kawaida sehemu hiyo iliita tu kiondoaji kilichoandikwa na mtengenezaji wa programu husika. Mtengenezaji mzembe aliacha mabaki katika saraka na katika Rejista, yaani hifadhidata ya mipangilio ya mfumo.

Mradi wa Debian, ulioanzishwa mwaka 1993 kwa msingi wa Linux, ulifuata njia nyingine. Humo mfumo wenyewe hutunza orodha ya mafaili ya kila kifurushi pamoja na vifurushi vinavyokitegemea. Aidha, Debian hutenganisha matendo mawili: kuondoa, ambako mafaili ya mipangilio ya mfumo huachwa, na kufuta kabisa, ambako nayo huondolewa. Mac OS X ya mwaka 2001 ilifungasha programu katika folda moja inayoonekana kama faili, ikatupwa kwa kuburutwa hadi kwenye pipa la taka; hata hivyo, mipangilio ya mtumiaji hubaki kwingineko. Android nayo huipa kila programu hifadhi yake ya ndani, ambayo mfumo huifuta programu inapoondolewa.

Historia hii ina funzo kwa wanaistilahi. Neno sanidua limebeba kwa pamoja matendo ambayo Debian iliyatenganisha. Kwa mtu anayetumia kompyuta ya pamoja, akaondoa programu akiamini kuwa barua na nywila zake zimeondoka nayo, tofauti hiyo si ya nadharia: anayekaa kwenye kiti hicho baada yake anaweza kuzikuta. Inapendekezwa, basi, kwamba vitabu vya kiada vitumie ondoa pale masalia yanapobaki, na sanidua pale tu tendo linapotenduliwa kikamilifu.