Tarehe 4 Agosti, Siku ya Mohoro

Kalenda ya Kanisa inayoning'inia ukutani katika nyumba zetu nyingi hutuonyesha Jumapili na masomo yake, rangi ya altare, na sikukuu kubwa za mwaka. Siku za katikati ya juma hatuziangalii sana. Tunazikumbuka tu zikiwa za kulipa ada, za arusi, au za msiba. Lakini Mhubiri anatufundisha kwamba kila jambo lina majira yake chini ya mbingu, na kwa hiyo hakuna tarehe iliyo tupu. Ukiichukua siku moja na kuuliza ni nini kilitendeka ndani yake, utakuta watu waliozaliwa, waliokufa, waliotendewa mabaya na waliotumainia mema.

Katika insha hii tumechagua tarehe 4 Agosti. Tumeichagua kwa sababu ya Mohoro, au Muhoro kama wengine wanavyoandika, mji mdogo wa Rufiji ulio ng'ambo ya kusini ya mto, ukishavuka Daraja la Mkapa kuelekea Kilwa na Lindi. Kabla ya kufika huko, tutazame kidogo tarehe hiyo ilivyo duniani.

Siku moja, mambo mengi

Ndugu zetu Wakatoliki huiadhimisha tarehe 4 Agosti kama siku ya Yohana Maria Vianney, padri wa kijiji cha Ars huko Ufaransa, aliyefariki tarehe hiyo mwaka 1859. Kijana huyu alishindwa sana na Kilatini, hata ikawa shida kumpa upadrisho. Hatimaye alitumwa kwenye parokia ndogo isiyo na sifa, akakaa humo miaka zaidi ya 40 akisikiliza maungamo ya watu waliomjia kutoka mbali. Leo anahesabiwa kuwa msimamizi wa mapadri wa parokia. Sisi Walutheri hatuwaombi watakatifu, lakini mchungaji yeyote aliyepangiwa usharika wa pembezoni anaweza kujifunza kwake.

Tarehe 4 Agosti 1944, katika mji wa Amsterdam, askari waliwakamata Wayahudi wanane waliokuwa wamejificha kwa miaka miwili nyuma ya nyumba ya biashara. Mmoja wao alikuwa msichana wa miaka 15, Anne Frank, ambaye shajara yake imesomwa dunia nzima. Hakurudi.

Tarehe 4 Agosti 1961 alizaliwa Barack Obama, mtoto wa baba Mjaluo kutoka Nyanza nchini Kenya, ambaye baadaye akawa Rais wa Marekani. Na tarehe 4 Agosti 1984 nchi iliyoitwa Volta ya Juu iliacha jina iliyopewa na wakoloni, ikajiita Burkina Faso, yaani nchi ya watu waadilifu.

Kwetu Tanzania tarehe hiyo huangukia katika juma la Nane Nane. Maonyesho ya wakulima yanakuwa yamekwisha kufunguliwa, na sisi wa Kanda ya Mashariki huenda Morogoro kuona mbegu bora, ng'ombe wa maziwa na mashine za kukoboa. Ni juma la kumheshimu mkulima. Jambo hilo tulishike moyoni, kwa maana kilichotokea Mohoro kilianza shambani.

Ijumaa ya mwaka 1905

Mwanzoni mwa karne ya 20 Mohoro palikuwa makao ya Wajerumani katika Rufiji, kabla makao hayo hayajahamia Utete. Hapo ndipo amri zilipotoka na hapo ndipo watu waliposhitakiwa. Watu walikwisha kutozwa kodi ya nyumba. Kuanzia mwaka 1902 serikali ilianzisha mashamba ya pamoja ya pamba, na maakida na majumbe wakapewa kazi ya kuwatoa watu majumbani wakalime. Mkulima alilazimika kuacha mpunga na mtama wake wakati ule ule ambao ndege na nguruwe walikuwa wakiyaingia mashamba. Aliyechelewa alichapwa viboko. Mwisho wa mwaka malipo yalikuwa senti chache.

Katika hali hiyo aliinuka Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe. Wengi wetu tulikutana na jina lake shuleni, ama katika somo la historia ama katika tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyotoka mwaka 1969. Wazee walisimulia kwamba mwaka 1904 alishikwa na pepo aitwaye Hongo, akaingia katika maji ya kina kirefu, na alipotoka kesho yake nguo zake zilikuwa kavu. Akaanza kufundisha kwamba watu wote weusi ni wamoja, kwamba waliokufa watarudi, na kwamba kuna dawa ya maji ambayo mtu akinyunyiziwa au kuinywa, risasi ya Mjerumani itageuka kuwa maji. Habari zilienea kwa minong'ono, watu wakaenda Ngarambe kwa makundi: Wamatumbi, Wandengereko, Wangindo na wengine ambao zamani hawakuwa na jambo la kuwakutanisha.

Mwishoni mwa Julai 1905 watu wa Nandete katika milima ya Umatumbi waling'oa miche ya pamba. Hiyo ndiyo ilikuwa barua yao ya kutangaza vita. Wakati huo Kinjekitile alikuwa amekwisha kukamatwa. Tarehe 4 Agosti 1905 alinyongwa Mohoro pamoja na msaidizi wake, kwa kosa la uhaini. Ilikuwa siku ya Ijumaa. Inasimuliwa kwamba aliwaambia waliomnyonga kuwa kifo chake hakibadilishi kitu, kwa maana dawa yake imekwisha kufika Kilosa na Mahenge.

Juu ya dawa alikosea. Juu ya kuenea kwake hakukosea. Siku kumi baada ya kunyongwa kwake, tarehe 14 Agosti, Askofu Mkatoliki Cassian Spiss aliuawa njiani pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Tarehe 30 Agosti maelfu ya watu waliiendea boma ya Mahenge wakiitegemea dawa ya maji, wakaanguka mbele ya bunduki za rashasha. Mwezi Septemba kituo cha Yakobi karibu na Njombe, cha misheni ya Kilutheri ya Berlin, kilishambuliwa. Kisha serikali ya Gavana von Götzen iliamua kushinda kwa njaa: vijiji vikachomwa, maghala yakachomwa, mashamba yakaharibiwa. Wajerumani wenyewe walihesabu vifo 75,000. Mwanahistoria wetu Gilbert Gwassa, aliyewasikiliza wazee wa Umatumbi na Rufiji katika miaka ya 1960, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Wengi wa hao hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kukosa chakula.

Siku ile ile, miaka tisa baadaye

Tarehe 4 Agosti 1914, saa tano usiku kwa saa za London, Uingereza ilitangaza vita dhidi ya Ujerumani. Kwetu ulikuwa usiku wa kuamkia tarehe 5. Hakuna mtu wa delta aliyeulizwa, lakini vita vilimfuata nyumbani. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilikuja kujificha katika mikoko ya Rufiji, ikawindwa na meli za Waingereza kwa miezi mingi, mpaka mabaharia wake wenyewe wakaizamisha tarehe 11 Julai 1915. Mizinga yake kumi iliopolewa, ikakokotwa nchi kavu kwa mikono ya watu. Wapagazi waliokufa katika vita hivyo ni makumi ya maelfu, na majina yao hayakuandikwa. Kumbukumbu yao tunaitamka kila siku bila kujua tunaposema tunakwenda Kariakoo, kwa maana jina hilo limetokana na kikosi cha wabeba mizigo.

Nabii wa uongo?

Sasa tunafika kwenye swali ambalo sisi tunaohubiri tumelikwepa. Mkristo aseme nini juu ya mtu aliyenyongwa Mohoro? Tumewahi kusikia, na wengine wetu tumewahi kusema, kwamba alikuwa mganga tu, nabii wa uongo, na watu walikufa kwa ushirikina wao. Tukisha kusema hivyo tunafunga kitabu.

Biblia haitupi ruhusa ya kufunga kitabu upesi hivyo. Katika Yeremia 28 tunasoma habari za Hanania, nabii aliyetokea mwezi wa tano, ambao kwa hesabu ya Waebrania huangukia Julai na Agosti zetu. Hanania aliwaahidi watu kwamba nira ya Babeli itavunjwa katika miaka miwili, akaivunja nira ya mti iliyokuwa shingoni mwa Yeremia. Ahadi hiyo haikutoka kwa Mungu. Lakini angalieni neno la kwanza la Yeremia alipojibu. Alisema Amina. Alitamani Bwana afanye hivyo kweli. Kwanza aliungana na kilio cha watu wake, ndipo akaikataa ahadi ya uongo.

Hapo ndipo tulipokosea sisi. Tuliikataa dawa bila kusema Amina kwa kilio. Nira ilikuwa ya kweli. Viboko vilikuwa vya kweli. Pamba ilikuwa ya kweli. Na misheni iliyotuletea Injili ilikuja katika wakati mmoja, na kwa lugha moja, na serikali iliyochoma maghala. Tunawashukuru wamisionari kwa Neno, kwa shule na kwa hospitali, na shukrani hiyo haiondolewi na ukweli huu. Lakini mtu wa mwaka 1905 hakuwa na njia rahisi ya kutofautisha Mzungu wa msalaba na Mzungu wa kiboko.

Bwana wetu aliulizwa habari za Wagalilaya waliouawa na Pilato (Luka 13). Waliomletea habari walitazamia aseme kwamba wale walikuwa wenye dhambi kuliko wengine. Alikataa. Akawageuzia wao wenyewe neno la toba.

Nasi tugeuziwe. Je, sisi tumeacha kutafuta maji ya kuzuia risasi? Mwaka 2011 maelfu ya Watanzania walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500 kwa mchungaji mstaafu wa Kanisa letu wenyewe. Leo maji ya upako na mafuta ya upako yanauzwa kwa chupa mijini, na washarika wetu wananunua, wengine wakitoka moja kwa moja kwenye ibada yetu ya asubuhi. Hatuwezi kuwacheka watu wa Ngarambe. Na hatuwezi kuwakemea tu hawa wa leo. Mama anayenunua chupa ana mtoto mgonjwa. Kijana anayenunua chupa hana kazi. Asiyeanza kwa kusema Amina kwa shida yao hana haki ya kuwaonya.

Ndipo tuwaambie tulichofundishwa. Katekismo Ndogo ya Luther inatufundisha kwamba katika ubatizo si maji yenyewe yanayotenda, ila Neno la Mungu lililo pamoja na maji, na imani inayolishika Neno hilo. Maji hayo hayakuahidi kwamba hatutakufa. Mtume Paulo katika Warumi 6 anasema kinyume chake: tumebatizwa katika mauti ya Kristo, ili tuishi pamoja naye. Watu wa Mohoro wanajua maji yalivyo. Aprili 2024 mto ulipofurika, uliingia nyumba za Wakristo na za Waislamu bila kuuliza dini, na mpunga wa wote ukaenda. Mungu wetu hakutuahidi kukaa juu ya mafuriko. Ameahidi kuwa pamoja nasi tupitapo ndani yake.

Jinsi ya kuishika siku hii

Huko Songea tarehe 27 Februari hukumbukwa kila mwaka, kwa sababu siku hiyo mwaka 1906 mashujaa wengi walinyongwa. Tarehe 1 Novemba 2023, siku ya Watakatifu Wote, Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier alisimama huko Songea na kuomba msamaha kwa yaliyotendwa na Wajerumani. Sisi tunaofundisha maungamo kila Jumapili tulifahamu uzito wa tendo hilo. Msamaha ulioombwa haurudishi ghala lililochomwa, lakini unaufungua mdomo uliokuwa umefungwa.

Basi, Jumapili iliyo karibu na tarehe 4 Agosti, katika sala ya Kanisa, tuwataje waliokufa Rufiji, Umatumbi na kusini yote: wa dini ya jadi, Waislamu na Wakristo, walionyongwa, walioanguka vitani na waliokufa kwa njaa, pamoja na wamisionari waliouawa. Na katika juma hilo la Nane Nane, kabla ya kwenda kwenye maonyesho, tumuulize mkulima wa usharika wetu kama bei ya korosho au ufuta wake ni ya haki, na anayempimia mzani anamwonea au hamwonei. Tukiona anaonewa, tusimame naye. Kinjekitile alipata wafuasi kwa sababu watu wa shamba hawakuwa na mwingine wa kusimama nao.

Bwana atujalie kuhesabu siku zetu, hata hizi zisizo na rangi katika kalenda. Amina.