Rai

Neno *rai*, tulilolipokea kutoka Kiarabu kwa maana ya maoni, ni jepesi kuliko *hukumu*, nalo ndilo lifaalo kwa mazungumzo ya jioni huko Ahero, ambako watu waliokwisha kuuza mchele wao huketi kando ya barabara ya Kisumu wakipima mapigano, filamu na santuri kwa mizani moja. Asemaye kwamba mpiganaji Francis Ngannou wa Kamerun, aliyeishiwa na pumzi mbele ya Stipe Miocic mwaka 2018, alimwangusha katika raundi ya pili mwezi Machi 2021 kwa subira zaidi kuliko kwa nguvu, huyo ametoa rai, wala hadaiwi ushahidi. Yangu mimi ni kwamba santuri ya Ayub Ogada, *En Mana Kuoyo* ya 1993, ina utulivu ambao filamu *The Constant Gardener* ya 2005, iliyouazima wimbo wake *Kothbiro*, haikuufikia ila pale wimbo wenyewe uliposikika (wapenzi wa filamu hiyo na wanune).

Lakini kiko pia kitenzi: kumrai mtu ni kumbembeleza akubali, na kwa Kiswahili cha zamani cha pwani, ni kumtia tonge kinywani kwa mkono wako, kwa mapenzi na taadhima. Basi mpenzi wa mapigano akushikaye mkono akuoneshe tena ngumi ile ya Ngannou katika simu yake anatoa rai huku akikurai, ingawa huenda tonge lenyewe hulitaki.