Uyoga, Nyama na Hesabu ya Kjeldahl

Wengi wetu tumekua tukisikia kwamba uyoga ni nyama ya asiye na nyama. Huku ughaibuni, daktari akimkataza mzee nyama nyekundu, wenzake humwambia ale uyoga, ni yale yale. Si yale yale, na kisa chake kilianzia Ufaransa.

Mwaka 1811 mkemia Henri Braconnot, wa mji wa Nancy, alitia uyoga katika maji ya alkali akabakiwa na kitu kisichoyeyuka. Mwaka 1823 Auguste Odier alikikuta kitu hicho katika magamba ya wadudu, akakiita kaitini. Ukuta wa seli ya uyoga, basi, una undugu na gamba la kamba, na la mende pia, mtaniwia radhi mlio mezani.

Sasa kaitini ina naitrojeni, na hapo ndipo hesabu ilipoharibika. Mwaka 1883 Johan Kjeldahl, katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, alitoa njia ya kupima protini ambayo haipimi protini yenyewe. Hupima naitrojeni, kisha unazidisha kwa 6.25, kwa kuwa protini ina takriban asilimia 16 ya naitrojeni. Kwa nyama inakubali. Kwa uyoga, naitrojeni ya kaitini nayo huhesabiwa kuwa chakula. Ndiyo maana wataalamu huzidisha kwa 4.38, yaani asilimia 70 tu ya ile ya kwanza. Uyoga wenye gramu 0.5 za naitrojeni unashuka kutoka gramu 3.1 za protini hadi 2.2.

Kupika kunasaidia: moto hulainisha zile kuta. Lakini uyoga mweupe wa dukani ni maji kwa zaidi ya asilimia 90, na ukinywea kikaangoni ni maji tu yamekwenda. Gramu 100 za uyoga uliochemshwa zina protini kama gramu 2. Maharage yaliyopikwa 8 au 9, nyama ya ng'ombe iliyopikwa zaidi ya 25.

Sifa za uyoga ziko kwingine: vitamini za kundi B, madini ya shaba na, ukipigwa na jua la kiangazi, vitamini D, ambayo sehemu kubwa hustahimili moto. Kwa tunaoishi Ulaya si jambo dogo. Zile za kundi B hutokea na maji ya kuchemshia, kwa hiyo yasimwagwe. Mzee apikiwe uyoga na mchuzi wake wote, wa karanga ikiwezekana, na bakuli la maharage kando.