Kutoka Mutuka Hadi Mlimani: Usawa Katika Elimu ya Juu

Tukisimama Mutuka, katika mji wa Babati, twasikia taifa letu likisema kwa ndimi nyingi. Wagorowa na Wairaqw wana lugha zenye asili ya Kikushi. Wabarabaig wana lugha ya Kiniloti. Wambugwe na Warangi wana lugha za Kibantu. Wote hukutana katika Kiswahili, wala hakuna atakiwaye kuikana lugha ya mama yake ili auziwe mahindi. Kijana aliyelelewa katika mazingira hayo huingia chuo kikuu akiwa amekwisha kujifunza kwamba watu hawalingani kwa asili na desturi, na bado waweza kukaa pamoja. Hatuna budi kujiuliza: je, chuo nacho kimejifunza hivyo?

Mkoloni hakutaka tukae pamoja. Shule zilitengwa kwa rangi: za Wazungu, za Waasia na za Waafrika. Utengano huo ulifutwa rasmi mwanzoni mwa mwaka 1962. Miezi michache kabla yake, Oktoba 1961, Chuo Kikuu kilikuwa kimeanza katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam, kikiwa na wanafunzi wa sheria wasiotimia 20. Miongoni mwao alikuwamo Bibi Julie Manning, ambaye mwaka 1975 alikuja kuwa Waziri wa Sheria. Baadaye chuo kilihamia Mlimani.

Hata hivyo, kufungua mlango ni jambo moja, na kuwawezesha wote kuupita ni jambo jingine. Novemba 1974, Azimio la Musoma liliagiza kwamba amalizaye sekondari afanye kazi kwanza, ndipo aombe nafasi ya chuo kikuu. Nia ilikuwa njema: elimu ya juu isiwe ngazi ya kuwatenga wasomi na wakulima na wafanyakazi. Kanuni ilikuwa moja kwa wote, lakini maisha hayakuwa mamoja. Katika miaka hiyo ya kungoja, wasichana wengi waliolewa, wakazaa, wakafungwa na majukumu ya nyumbani. Idadi ya wanawake waliojiunga ikashuka. Baada ya muda mfupi ikalazimu wanawake waruhusiwe kujiunga moja kwa moja kutoka shuleni.

Wala kuingia hakukuwa mwisho wa safari. Mwaka 1990, mwanafunzi mmoja wa kike hapo Mlimani alijiua baada ya kusumbuliwa na kudhalilishwa na wanafunzi wenzake. Msiba huo uliufundisha umma kwamba mtu aweza kuwa na kitanda na kiti chuoni, asiwe na heshima. Katika miaka ya 1990 chuo kilianza kuchukua hatua za makusudi, zikiwamo masomo ya matayarisho kwa wasichana waliotaka kusoma sayansi.

Historia hii yatufundisha kwamba usawa si kumpa kila mtu kipimo kile kile, bali ni kuchunguza nani ameachwa nje na kipimo hicho, kisha kukirekebisha. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi huitumia methali hii kumwonya mvivu. Sisi twaiona pia kuwa ni ahadi: aliyepewa jembe si mgeni tena, naye ana haki ya mavuno. Kijana wa Mutuka, awe wa kike au wa kiume, asihesabiwe mgeni katika chuo cha taifa lake.