Riwaya Chini ya Mwembe

Zipo starehe ambazo jamii yetu haijazizoea. Mojawapo ni ya mtu mzima kwenda shambani kwake Kisarawe au Kibaha siku za mapumziko, akajilaza mkekani chini ya mwembe na kusoma riwaya kutwa nzima. Akisoma gazeti, ataambiwa anafuatilia mambo ya dunia. Akisoma kitabu cha dini, ataheshimiwa. Lakini akishika riwaya atatumwa dukani, maana anaonekana hana kazi.

Fikra hii ina historia yake, na sehemu ya historia hiyo imepita katika wilaya hizo mbili.

Pale Minaki, jirani na mji wa Kisarawe, wamisheni wa Kianglikana waliweka Chuo cha Mtakatifu Andrea, kilichohamishwa kutoka Kiungani, Unguja, katika miaka ya 1920. Enzi hizo hadithi ndefu za Kiswahili zilizopatikana shuleni zilikuwa tafsiri, kama vile Mashimo ya Mfalme Sulemani na Kisiwa chenye Hazina, zote za mwaka 1929. Zilikuwa hadithi tamu, hilo halina ubishi. Ila zilisomwa darasani, mwalimu amesimama na maswali yake mkononi, na mwanafunzi akazoea kwamba mwisho wa kila hadithi ni mtihani.

Kibaha nako ulianza mwaka 1963 mradi wa Tanganyika na nchi za Denmark, Finland, Norway na Sweden. Ulileta shule ya sekondari, mafunzo ya wakulima na huduma za afya, na mwaka 1970 ukakabidhiwa kwa Serikali ukawa Shirika la Elimu Kibaha. Mwaka huohuo Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kazi iliyofanyika haina mfano: watu wazima wasiojua kusoma walikuwa takriban asilimia 67 mwaka 1967, na kufikia mwaka 1977 walikuwa asilimia 27.

Je, hao waliojua kusoma walipewa nini wasome? Walipewa pamba, migomba, uvuvi, siasa na afya. Vitabu hivyo vilikuwa vya lazima na sivikejeli. Lakini ni nani aliyekesha na kibatari ili ajue mwisho wa kitabu cha pamba?

Watu walikesha na vingine. Walikesha na Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kilichotoka mwaka 1960. Na Simu ya Kifo cha Faraji Katalambulla, cha mwaka 1965. Na Kufa na Kupona cha Elvis Musiba, cha mwaka 1974, kilichomleta Willy Gamba. Euphrase Kezilahabi alipotoa Rosa Mistika mwaka 1971, kikapigwa marufuku shuleni, na hapana tangazo la biashara ambalo lingeweza kukisaidia zaidi ya hapo. Wasomi wengi walividharau baadhi ya vitabu hivi, wakaviita vya mitaani. Naam, vilikuwa vya mitaani, na mitaani ndiko waliko watu. Mimi naamini kwamba kisomo cha wengi kisingedumu bila ya vitabu hivyo.

Kisha mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka wa Kenya ukafungwa, wakati sehemu kubwa ya riwaya hizo ilichapwa Nairobi. Ikafuata vita ya Kagera, na uhaba wa karatasi pamoja na kila kitu. Nakala moja ikapita mikono ishirini. Baadhi ya waandishi waliamua kujichapishia wenyewe, kama alivyofanya Ben Mtobwa na kampuni yake ya Heko.

Nimemtaja mtu chini ya mwembe, na bila shaka umemwona mwanamume. Mama wa nyumba hiyo yuko jikoni, na likizo kwake ni wageni kuongezeka. Huyu hata hatumwi dukani akiwa na riwaya, kwa sababu hajapata nafasi ya kuishika.

Mwisho wa wiki hii nakwenda Kisarawe na nakala yangu ya Simu ya Kifo. Nimekubaliana na mama watoto kwamba Jumamosi nitapika mimi, naye atasoma. Tatizo ni kwamba kurasa za mwisho zimenyofoka, na muuaji hatajulikana. Mwenye nakala kamili na aniazime.