Mtoro si Jina la Mgonjwa

Neno "mtoro" lina historia nzito. Katika pwani yetu ya karne ya 19 aliitwa hivyo mtumwa aliyemkimbia bwana wake. Leo huitwa hivyo mwanafunzi anayekwepa masomo, na katika vituo vya afya, mgonjwa aliyeacha kufuata dawa. Kila linapotumika, neno hili humfanya mmoja kuwa mwenye amri na mwingine kuwa mkosaji.

Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilipopitia istilahi za kifua kikuu, liliacha neno la Kiingereza lenye lawama kama hiyo. Mgonjwa wa namna hiyo sasa huhesabiwa kuwa amepotea katika ufuatiliaji. Lawama imepungua, lakini sababu bado haijaandikwa. Je, alikosa nauli? Anauguza mzazi? Anaogopa majirani wasimwone kwenye foleni?

Madaktari wa familia walishayatengea majibu hayo mahali pake. Uainishaji wa kimataifa wa huduma ya afya ya msingi, uliotolewa na shirika lao la WONCA mwaka 1987, una sura nzima ya matatizo ya kijamii, yenye herufi Z: Z01 ni umaskini, Z02 ni chakula na maji, Z03 ni makazi. Msimbo hutaja anachokosa mtu. Anachokithamini hubaki nje.

Hapo ndipo tunapohitaji istilahi ya hicho anachokithamini. "Maadili" hupima mwenendo, na mgonjwa hakuja kupimwa tabia. "Thamani" huvuta fikra kwenye bei. Ninapendekeza "tunu", yaani kile ambacho mtu hataki kukipoteza hata akiumwa. Faili liwe na kichwa hiki: "Tunu na hali ya maisha." Chini yake muuguzi aandike, kwa idhini ya mwenyewe: "Ana kisukari, anatamani kufunga Ramadhani." Au: "Ni mlinzi wa usiku, hulala mchana." Au: "Analea wajukuu, hataki kulazwa mbali nao." Tarehe iwekwe pia, maana hali hubadilika.

Maelezo hayo ni sehemu ya tiba. Anayejua habari ya mfungo atazungumza na mgonjwa mapema kuhusu hatari zake, na kuhusu dozi za futari na daku. Aliyesoma "mtoro" pekee hana la kupanga. Amebakiwa na karipio.