Jaridani na Mkusanyikoni: Mapokezi ya Hadithi za Kutisha za Kigothiki

Hadithi ya kutisha haimtishi kila msomaji, wala haimtishi msomaji yuleyule kila anapoirudia. Wahakiki wamezoea kueleza tofauti hiyo kwa kutazama nafsi ya msomaji au umri wa hadithi: msomaji wa karne ya 18 alikuwa mwepesi wa kuamini, wa leo ameshaona mengi. Maelezo hayo yana ukweli wake, lakini yanaliacha nje jambo ambalo historia ya fasihi ya kigothiki inalionyesha wazi, nalo ni mahali hadithi ilipokutana na msomaji. Hadithi iliyochapishwa jaridani, katikati ya makala, mashairi na habari za siku, ilipokewa kwa namna moja. Hadithi hiyohiyo ilipotiwa katika mkusanyiko ambao jalada lake limeshatangaza vitisho, ilipokewa kwa namna nyingine. Mkusanyiko humwarifu msomaji mapema kwamba atatishwa. Naye akishaarifiwa huanza kupima: hii imefaulu, ile imechuja. Hans Robert Jauss, katika mhadhara wake wa mwaka 1967 huko Konstanz, aliyaita matazamio kama hayo upeo wa matarajio. Katika hadithi za kutisha upeo huo mara nyingi huchorwa na mhariri kabla mwandishi hajasema neno.

Kitabu kinachohesabiwa kuwa chanzo cha utanzu huu kinathibitisha hoja hiyo karibu kupita kiasi. Mwaka 1764 Horace Walpole, mbunge na mwana wa waziri mkuu wa zamani wa Uingereza, alichapisha The Castle of Otranto bila kujitaja. Dibaji ilidai kwamba kitabu ni tafsiri ya maandishi ya kale ya Kiitalia. Kofia kubwa ya chuma inamwangukia bwana arusi na kumponda siku ya harusi yake. Picha ya babu inashuka kutoka kwenye fremu na kutembea. Mambo hayo yalivumilika kwa sababu yalichukuliwa kuwa itikadi za watu wa kale, na jarida la Monthly Review lilikisifu kitabu. Katika toleo la pili la 1765 Walpole alikiri kuwa ndiye mtunzi na akaliongezea jina la kitabu maelezo kwamba ni hadithi ya kigothiki. Jarida lilelile likageuka. Liliyoyasamehe kwa kasisi wa kubuniwa wa zama za giza, halikuyasamehe kwa bwana msomi wa London. Kofia ilikuwa ileile. Dibaji ndiyo iliyobadilika.

Kwa Ann Radcliffe mgogoro ulikuwa wa aina nyingine. Wachapishaji walimlipa pauni 500 kwa The Mysteries of Udolpho ya mwaka 1794, kiasi kilichowashangaza watu wa wakati huo, na kitabu kikasomwa mno. Mbinu yake ni kuamsha hofu ya mambo ya ghaibu kisha kuyapatia sababu za kawaida. Emily anafunua pazia jeusi ndani ya kasri, anaona kitu, anazimia. Msomaji haambiwi alichokiona mpaka kitabu kinakaribia kwisha, baada ya mamia ya kurasa, ndipo anapoambiwa kwamba kilikuwa sanamu ya nta. Wako waliochukia kuchezewa hivyo, na Walter Scott ni miongoni mwa waliosema kwamba ufafanuzi huo haulingani na hofu iliyotangulia. Wasomaji wa Kiswahili wanaijua mbinu inayofanana na hiyo katika Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyochapishwa mwaka 1960, ambamo maiti inakutwa mzimuni na watu wanaelekeza kidole kwa mizimu. Humo hakuna anayejiona ametapeliwa ufumbuzi unapokuja, kwa kuwa mpelelezi Bwana Msa na kiko chake yupo tangu awali, na msomaji anajua kwamba mwisho wa safari ni binadamu mwenye hatia. Radcliffe hakuwa na mpelelezi wa kumwandaa msomaji wake.

Nguvu ya mkusanyiko kama mkusanyiko inaonekana zaidi mwaka 1816. Fantasmagoriana kilikuwa kitabu cha hadithi za mizuka za Kijerumani, kikatafsiriwa kwa Kifaransa na Jean-Baptiste Benoît Eyriès na kuchapishwa Paris mwaka 1812. Kiangazi kile cha mvua zisizokoma, matokeo ya mlipuko wa volkano ya Tambora wa mwaka uliotangulia, kitabu hicho kilisomwa kwa sauti katika Villa Diodati karibu na Geneva. Miongoni mwa waliokuwapo ni Byron, tabibu wake John Polidori, Percy Shelley na Mary aliyekuwa bado hajaolewa na Shelley. Byron akapendekeza kila mmoja atunge yake. Matokeo yanajulikana: Frankenstein mwaka 1818 na The Vampyre ya Polidori mwaka 1819, ambayo kwanza iliuzwa kwa jina la Byron. Kinachozungumzwa mara chache ni aina ya usomaji uliozaa vitabu hivyo. Hadithi nyingi zikisomwa mfululizo, kundini, huzua ushindani. Msikilizaji husema moyoni kwamba hata yeye anaweza. Katika utangulizi wa toleo la 1831 Mary Shelley alisimulia tena hadithi mbili za kitabu kile, na usimulizi wake haulingani kikamilifu na maandishi yenyewe. Alikuwa ameshazitunga upya.

Edgar Allan Poe ndiye mwenye ushahidi mzito kuliko wote, kwa kuwa hadithi zake zilianza majaridani na sehemu ya barua kati yake na wasomaji na wahariri imehifadhiwa. Machi 1835 jarida la Southern Literary Messenger la Richmond, Virginia, lilichapisha “Berenice”. Kijana Egaeus ana maradhi ya kukitolea kitu kimoja mawazo yake yote, na kitu kinachomnasa ni meno ya binamu yake mgonjwa. Berenice anazikwa. Baadaye Egaeus anajikuta ameketi maktabani, hakumbuki alikotoka, na mezani pana kisanduku. Mtumishi anaingia akinong’ona kwamba kaburi limefukuliwa na aliyemo angali anapumua. Anamwonyesha bwana wake nguo zake zenye tope na damu, kisha sepetu iliyoegemezwa ukutani. Egaeus anakivamia kisanduku, kinamponyoka na kuvunjika, na vyombo vya mng’oa meno vinatawanyika sakafuni pamoja na vipande 32 vidogo vyeupe. Katika sentensi hiyo ya mwisho meno hayatajwi kwa jina. Idadi inatosha.

Wasomaji walilalamika kwa Thomas White, mwenye jarida. Poe alimjibu kwa barua ya tarehe 30 Aprili 1835. Alikubali kwamba mada ilikuwa ya kuchukiza mno, ila akasisitiza kwamba majarida yaliyopata umaarufu yaliupata kwa maandishi ya namna hiyo. Ni jibu la mfanyabiashara, na si vibaya kulitambua hivyo: aliyajua majarida ya Uingereza, hasa Blackwood’s, na alijua kinachosomwa. Hata hivyo, malalamiko yalimgusa, kwani alipoitoa tena hadithi hiyo mwaka 1845 aliondoa aya nne zilizomwonyesha Egaeus mbele ya maiti.

Kati ya matukio hayo mawili “Berenice” iliingia katika Tales of the Grotesque and Arabesque, mkusanyiko wa hadithi 25 katika juzuu mbili uliotolewa Philadelphia mwishoni mwa 1839 ukiwa na mwaka 1840 kwenye ukurasa wa jina. Nakala zilikuwa chache, na mwandishi hakupata malipo zaidi ya vitabu vyenyewe. Dibaji yake fupi inafunza mengi kuhusu mapokezi. Mwaka 1835 ubishi ulihusu kama kitu kile kilifaa kuingia nyumbani mwa watu. Katika dibaji Poe anajibu shtaka la kuiga vitisho vya Kijerumani, akidai kwamba kitisho chake kimetoka rohoni mwa binadamu. Malalamiko ya stara yamegeuka mjadala wa asili na mtindo. Hadithi ikishakaa na wenzake, na kadhaa kati ya hizo zilikuwa za kejeli na mzaha, msomaji anapata cha kulinganisha.

Kinyume chake kilitokea kwa “The Facts in the Case of M. Valdemar”, iliyotoka majaridani New York Desemba 1845. Msimulizi anamtia mgonjwa aliye mahututi katika usingizi wa kupumbazwa, na mgonjwa anafia humohumo. Mwili unakaa miezi saba bila kuoza. Ulimi unatikisika na sauti inatamka kwamba mwenye nayo amekufa. Anapoamshwa anayeyuka kitandani. Jina lenyewe linadai kutoa mambo ya hakika, lugha ni ya ripoti ya kitabibu yenye saa, dalili na mashahidi, na wakati huo usingizi wa kupumbazwa ulikuwa ukijadiliwa kama sayansi. Mpumbazaji mmoja wa Boston, Robert Collyer, alimwandikia Poe siku chache tu baadaye kuhusu msisimko uliozuka mjini humo. London ilichapishwa kama kijitabu cha pekee mwaka 1846. Mwaka huohuo Elizabeth Barrett alimweleza Poe jinsi hadithi ilivyokuwa ikizunguka magazetini na kuwatia watu mashaka, na muuza dawa mmoja wa Stonehaven, Scotland, alimwandikia akitaka kujua kama ni kweli. Poe akamjibu kwamba ni uzushi mtupu.

Itakuwa kosa kuwahukumu watu hao kuwa wajinga. Barrett alikuwa miongoni mwa washairi wasomi kabisa wa lugha yake, na muuza dawa alifanya lile ambalo mtu makini hufanya akisoma taarifa ya kushangaza: aliuliza. Hakuwa na jalada la kumwambia kwamba hii ni sanaa. Baada ya kifo cha Poe mwaka 1849 hadithi iliingia katika vitabu vya kazi zake, na swali la ukweli halikuwa na pa kusimama tena.

M. R. James, mtaalamu wa hati za kale wa Chuo cha King’s, Cambridge, alianzia mahali pengine: sautini. Mwaka 1893 aliwasomea wanachama wa klabu ndogo ya chuoni hadithi zake mbili, na baadaye ikawa desturi ya Krismasi, marafiki wachache chumbani na mshumaa. Ghost Stories of an Antiquary ilitoka mwaka 1904, kwa sehemu kama kumbukumbu ya James McBryde, rafiki aliyefariki baada ya kuchora picha nne tu za kitabu. Wasomaji wake wa leo huona kwamba zikisomwa nane kwa mpigo hufanana: msomi mpweke, kitu cha kale, kiumbe kinachoonekana kidogo tu. Lawama hiyo ni ya haki kwa kitabu, lakini si kwa hadithi, maana zilikusudiwa kusikika mojamoja, kwa nafasi.

“The Monkey’s Paw” ya W. W. Jacobs ya mwaka 1902 inaonyesha vizuri hasara inayoletwa na mkusanyiko wa vitisho. Jacobs alijulikana kwa visa vya kuchekesha vya mabaharia na watu wa bandari, na kitabu ilimoingia, The Lady of the Barge, kimejaa visa vya namna hiyo. Aliyekifungua alitarajia kucheka, na hadithi inaanza kwa mzaha wa baba na mwana wakicheza sataranji. Usiku wa mwisho mlango unabishwa. Mama anahangaika na komeo, baba anapapasa sakafuni akiutafuta mkono wa nyani, na msomaji haonyeshwi kamwe kilicho nje. Leo hadithi hiyo hupatikana zaidi katika makusanyo ya vitisho, na msomaji huwa ameshaanza kungoja huo mlango tangu mstari wa kwanza.

Hoja hii ina mpaka wake. Jarida likishazoeleka kwa vitisho huwa mkusanyiko kwa jina jingine: Poe mwenyewe aliifanyia dhihaka mitindo ya Blackwood’s mwaka 1838, na Weird Tales, lililoanzishwa Marekani mwaka 1923, lilitangaza vitisho kila mwezi kwa jina lake lenyewe. Tena kupima hakuui hofu sikuzote. The Turn of the Screw ya Henry James ilitoka kwa vipande katika Collier’s Weekly mwaka 1898, na wengi wakaisoma kama hadithi ya mizuka. Tangu Edmund Wilson aandike mwaka 1934 kwamba huenda mizuka imo kichwani mwa yaya tu, wasomaji wamekuwa wakiichambua neno kwa neno, na yaya asiyeaminika, peke yake na watoto wawili, anatisha kuliko mizuka yenyewe. Mwaka 1973 Roland Barthes alimfanyia Valdemar uchambuzi wa karibu namna hiyo, na akasimama kwenye kauli ya maiti kwamba imekufa: kauli ambayo lugha inaruhusu kutungwa lakini hakuna kinywa kinachoweza kuitamka kwa kweli.